Neno la Dubu

Nilianza kujifunza Kijapani wakati nilipokuwa nikiwachora wageni hina katika hoteli moja ya Diani. Kazi ile ilinipa riziki, lakini nilichokitaka hasa ni kuchora vitabu vya watoto. Mkono wangu ulijifunza kwa kuiga katuni za Kijapani tangu nikiwa shule ya msingi, na nikaona nikiijua lugha yenyewe nitaweza kuzungumza na wanaovichapisha bila kupitia kwa mtu.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kijapani aliyekuja kufundisha ushonaji, akapapenda, akabaki. Kila Jumamosi tulikaa barazani kwake, mimi na mcheza sarakasi mmoja wa Kinango aliyekuwa akitafuta mkataba kule Japani. Matamshi hayakutusumbua, maana irabu zao ni kama zetu. Maandishi ndiyo yaliyotutoa jasho. Mimi niliyashika kwa kuyachora kama maua ya hina. Mwenzangu aliyaandika hewani kwa mkono mzima.

Baada ya muda mchapishaji mmoja mdogo wa huko alizipenda picha zangu. Akanitumia hadithi ya dubu anayeogopa kulala, akaniomba tuzungumze kwa video. Nilifurahi mno. Nikarudi nyumbani Munje, nikakaa uani, nikaanza kujizoeza maneno ya hadithi ile kwa sauti.

Sasa, jina la dubu kwa Kijapani, kwetu ni tusi. Ni tusi zito, la mwili wa mwanamke, ambalo mtu halitamki mbele ya mzazi wake. Mimi nilikuwa nimezama katika Kijapani hata sikujisikia. Mama alikuwa ndani akisuka ukili wa mkeka.

"We mwana!" alitoka, ukili ungali mkononi. "Unamtukana nani?"

"Simtukani mtu, mama. Ni mnyama. Dubu."

"Dubu namjua, na jina lake ni dubu."

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwao ni kwao. Humu ni nyumbani kwangu, na majirani wana masikio. Lugha hiyo isisemwe hapa tena."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Mama akigomba, hasira humwisha. Akisema taratibu, ameshakata shauri. Siku zilizofuata nikawa nakwenda kujizoeza minazini, nikinyamaza kila apitapo mtu na kujisikia kama mwizi.

Jumamosi nikamwambia mwalimu kwamba huenda nitaacha. Nilipomweleza sababu alifunika uso kwa mikono. Alisema siku zake za mwanzo aliwahi kuwafundisha watoto wa chekechea jina lile, wakalirudia kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia kwa nini walimu wenzake walitoka nje.

"Nipeleke kwa mama yako," akasema.

Alikuja na keki aliyoipika mwenyewe. Mlangoni alivua viatu bila kuambiwa, akavipanga vikitazama nje, akapiga magoti mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Nimekuja kuomba radhi kwa neno lile. Ni la lugha yangu, si la binti yako."

Mama aliipokea keki. Kisha akamwuliza, "Na nyinyi, hamna neno letu linalowatia aibu?"

Mwalimu alifikiri, akasogea, akamnong'oneza. Sikulisikia neno lenyewe, na mpaka leo hakuna aliyekubali kuniambia. Nilichokiona ni mama akijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Walipotulia, mwalimu aliutazama mkeka, akauliza kingo zinashonwaje, na mimi nikasahaulika hadi adhuhuri.

Siku ya mazungumzo nilikaa chumbani. Kabla sijaanza, mama alifunga madirisha yote mawili na kuwasha redio sebuleni. Nilizungumza na mhariri yule kwa Kijapani cha kukwamakwama, nikalitamka jina la dubu kila lilipohitajika, na kila mara nikahisi joto masikioni. Mhariri aliniuliza kama nimewahi kumwona dubu. Nikasema kwa kweli sijawahi, lakini kuogopa kulala nakujua. Akacheka, akanipa kazi.

Dubu wangu wa kwanza walimrudisha. Walisema miguu yake ni kama ya ng'ombe, na kweli nilikuwa nimewatazama ng'ombe. Wa tatu walimkubali.

Mcheza sarakasi bado hajapata mkataba, ila sasa anawafundisha Kijapani wanaoanza, mwalimu akiwa safarini. Mimi hina naichora wakati wa harusi tu. Hadithi niliyo nayo mezani sasa ni ya treni ya mlimani inayopita kwenye theluji. Theluji nitaikisia. Treni sijawahi kuipanda, kwa hiyo wiki ijayo nitakwenda Voi na kurudi, nikae dirishani na penseli.