Nilivyowaombea Watu wa Barafu

Chekeni tu, wapendwa, lakini mimi wiki nzima sikupata usingizi.

Mjukuu wangu Kendi anasoma chuo huko Meru. Alinitembelea hapa Ruiri, na tukichagua maharagwe akanisomea kutoka kwenye simu yake maneno ya Bwana Edwin, mchunguzi wa ndege na wanyama, ambaye meli yao imeshikwa na barafu kaskazini kabisa mwa dunia.

"Leo ndege wa mwisho wameondoka. Leo dubu mweupe amekuja na watoto wake mpaka karibu na meli. Leo mpishi Olaf ameshindwa kusimama, miguu imevimba."

Leo, leo, na mimi hapa nimeshika ungo!

Kendi akarudi chuoni. Nikampigia: "Wale watu wametoka?"

"Bado, cucu. Sijafika hapo."

Jumapili, wakati wa maombi, nikasimama nikawataja wote: Edwin, Olaf, Kapteni Jonas, hata mbwa wao Bruno. Kina mama walilia. Jirani yangu Mama Kananu akavua sweta akaiweka mbele, apelekewe mpishi. Pasta akaanza kuomba.

Ndipo Kendi akaingia, ametoka chuoni, amechelewa, akaketi kando yangu. Nikamnong'oneza: "Olaf anaendeleaje?"

Huyo mtoto hajui kunong'ona. "Olaf? Cucu, nilikuwa nakusomea kitabu cha meli ya zamani! Hao walikufa hata mama yako hajazaliwa!"

Kanisa lote likafumbua macho likanigeukia. Pasta peke yake, macho amefumba, alikuwa bado anakemea uvimbe utoke miguuni mwa Olaf.