Mlango wa Muda

Walituambia ni wiki chache tu. Wiki chache za serikali! Na mimi, mtu mzima, nesi wa miaka mingi, nikaamini. Nikikumbuka hadi leo damu inanichemka.

Chumba cha majeruhi cha hospitali yetu pale Musoma kilikuwa kidogo mno. Machela mbili zikishaingia, nesi anapita kiubavu. Basi likipinduka huko njia ya Bunda, tulikuwaga tunashona watu kwenye veranda, ndugu zao wametuzunguka wanatuhesabia mishono. Kwa hiyo tuliposikia chumba kinapanuliwa, jamani, tulipiga vigelegele. Ilikuwa ile miaka ya foleni, sukari kwa kibali, sabuni kwa kibali, sementi ndiyo usiseme. Sementi ikapatikana hivyo hivyo. Mafundi wakavunja mbele, wakaziba kwa tofali ule upande wa ndani ili vumbi lisitufuate, wakachimba msingi pale pale palipokuwa na mlango, wakasimamisha nondo. Halafu sementi ikaisha. Mafundi wakakaa kivulini wakicheza drafti.

Sasa hospitali haifungwi. Huwezi kumwambia mtu asiumwe mpaka zege likauke. Ilibaki njia moja tu ambayo machela ingeweza kupita bila kupanda ngazi, nayo ilikuwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea maiti kwenda mochwari. Matroni alilisema hilo kwenye kikao. Alisema watu wa huku, awe Mkatoliki wa Butiama au Msabato wa vijiji vya ziwani, hawampitishi mgonjwa wao anapotolewa mfu. Daktari mkuu hakubisha. Aliuliza tu, basi niwapitishe wapi? Kikao kikaisha, na mlango ule ukawa mlango wa majeruhi kwa muda.

Watu walikuja nyuma, wakaona mlango, wakageuza. Wengine walirudi kwao kabisa. Wengine waligoma kuondoka, wakamlaza mgonjwa wao mbele, kwenye lundo la mchanga wa ujenzi, wakasubiri tuwafuate na dawa. Tukawafuata, tungefanyaje? Tulitundika chupa za dripu kwenye nondo. Mafundi wakatutania kwamba tumepata wodi yenye hewa safi. Tukacheka nao mwanzoni.

Baadaye biashara ikaruhusiwa, mambo yakafunguliwa, kama ilivyosemwa. Maduka ya mjini yakajaa redio, mitumba, sabuni za kunukia, na sementi ikapangwa hadi barazani kwa wenye maduka. Lakini fungu la hospitali lilikuwa limekwisha. Wakati wa fedha hakukuwa na sementi, wakati wa sementi hakukuwa na fedha. Mvua zikapiga ule msingi, kingo zikaanza kumomonyoka, ndani yake wakazaliwa vyura.

Hali hiyo ndiyo iliyomkuta baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa mihogo na pamba huko Suguti, na ujanani alivua pia. Alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Nilimsihi aje apasuliwe, akawa ananiambia baada ya mavuno, halafu baada ya palizi. Ikishuka anairudisha kwa mkono, anaendelea na jembe lake. Siku hiyo haikurudi. Walimleta asubuhi na gari la samaki, yeye na shangazi yangu, dada yake. Mama alibaki nyumbani kuangalia mji.

Niliitwa nikaambiwa watu wenu wako nje. Nilimkuta baba amelala kwenye ule mchanga, shangazi amemtandia khanga kumkinga jua. Nilimgusa tumbo. Lilikuwa gumu, na uvimbe wa kinenani umewaka moto. Nikajua utumbo umebanwa humo ndani, na kila saa inayopita unazidi kufa. Mpasuaji alikuwepo, chumba cha upasuaji kilikuwa tupu. Siku kama hiyo unaipata mara ngapi? Nikasema aingizwe sasa hivi.

Shangazi akauliza anaingizwa wapi. Nikamwonyesha. Akaenda mwenyewe hadi nyuma kutazama, akarudi, akasema hapana. Hakufoka. Alisema kaka yake hajafa.

Nilieleza, wee, nilieleza. Nikaeleza utumbo, nikaeleza damu, nikasema hata mlango na bawaba zake ni mbao na chuma tu. Shangazi ananitazama. Baba kafumba macho. Nikamwendea fundi, mmoja wa wawili waliobaki kulinda nondo, nikamwomba atupie mbao juu ya msingi na abomoe ule ukuta wa tofali tumpitishe mbele. Namshukuru, hakuniuliza kibali. Alipanga mbao, akapita na mwenzake kuzijaribu, na ukingo uliolowa mvua ukaporomoka, wakaenda nao chini. Fundi akatoka na mguu umechubuka vibaya. Ikabidi nimfunge bandeji, na huku baba anasubiri.

Jua likafika utosini. Nikashindwa kujizuia, nikampigia shangazi kelele mbele za watu, na sare yangu nyeupe, manesi wenzangu wamejaa dirishani. Kwetu hupigi kelele mbele ya shangazi. Nilimwambia anamuua. Nikasema nimesomea nini basi kama nyumbani kwetu ndio wa kwanza kunikatalia.

Ndipo baba akafumbua macho. Alikuwa ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Mama," akasema, "wewe unataka nipite pale?"

"Ndiyo, baba. Nakuomba."

Akatazama kule dirishani. Kisha akasema, "Haya. Nibebeni."

Tukampandisha kwenye machela. Shangazi alishika upande mmoja, kisha akauachia, akaketi chini. Tulipofika mlangoni baba alivuta khanga akajifunika uso mwenyewe. Tulipokwisha kuingia nikamfunua, nikamfuta jasho, nikamwambia umeona, si mlango tu? Alitabasamu.

Mpasuaji alikuta utumbo umeshakuwa mweusi, kipande kirefu. Alikata alichoweza. Baba aliishi siku mbili wodini, mpole, akiulizia wanangu mmoja mmoja. Aliniomba mchuzi wa sato, na sikuweza kumpa hata kijiko kwa ile hali ya tumbo lake. Alifariki mchana, nimemshika mkono. Mpasuaji hakunificha. Alisema angemfungua asubuhi ile, mzee angerudi shambani.

Msibani shangazi alisema mbele ya wote kwamba nilimpitisha kaka yake mlango wa wafu akiwa hai. Nikasimama nikajibu. Nikaeleza saa zilizopotea pale mchangani, na nani alizipoteza. Watu walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kumenya mihogo. Nilikuwa na uchungu hadi nikatamani kuwatukana.

Mama alisubiri watu wapungue. Alinisogezea kigoda karibu na mafiga, akaniuliza kwa sauti ya chini kama baba alikubali mwenyewe au tulimbeba kwa nguvu.

Nikamwambia alikubali mwenyewe. Nikamwambia nilimwomba, akafikiri, akasema haya. Nilidhani namfariji.

Mama akatikisa kichwa.

"Baba yako hakukubali kutibiwa," akasema. "Alijua kwamba akipita pale hatoki. Aliona aibu kukukatalia mbele ya watu wa kazini kwako."