Nilimwambia shangazi kompyuta yangu inatafuta dawa

Admin, shikamoo kama umenizidi umri. Kabla ya yote nakusihi ufiche jina langu na picha yangu. Nanyi mnaosoma, msimtumie mtu wa Tabora mkiuliza "huyu si fulani?" Yaishie humu humu. Nikijulikana sina pa kulala.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tano, karani wa masjala katika ofisi moja ya hapa mjini. Naishi Itetemia kwa shangazi, dada wa marehemu baba, aliyenisomesha kwa karanga anazouza sokoni mpaka nikapata diploma. Ana mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi, nitamwita Tatu. Tatu ana selimundu. Anayeujua ugonjwa huo anajua kwamba baridi ikipiga, mifupa humuuma mtoto mpaka akang'ata shuka. Kila mwezi ana siku yake ya kliniki.

Mwaka jana nilinunua kompyuta iliyotumika, yenye kadi ya picha ya nguvu, ile wanayoitafuta wacheza gemu. Mimi sichezi gemu. Nilijiunga na watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea kompyuta zao za nyumbani kwa wanasayansi. Hesabu inayozidi uwezo wa mashine moja hukatwa vipande, kila mtu akapewa chake, mashine yake ikakikokotoa, ikakirudisha na kupokea kingine. Hulipwi. Unapata pointi, na jina lako linapanda kwenye orodha. Mimi ambaye ofisini kazi yangu ni kubeba mafaili ya wakubwa, kuona jina langu likiwapita watu wa Ulaya kulinilevya.

Vipande vyangu vilikuwa vya nyota. Tulikuwa tunatafuta ishara za nyota zilizokufa. Nawaomba mlikumbuke hilo.

Jumamosi moja mchana shangazi alisimama mlangoni na ungo wake wa karanga. "Hilo dege lako, baba, litaruka lini? Linavuma tangu asubuhi na umeme unakwisha. Lizime."

Ningejibu "sawa, shangazi," yangeishia hapo. Nikatazama jina langu kwenye orodha. Nikamwona Tatu amekaa chini, anaota joto la mashine mikononi. Nikasema, "Shangazi, hii inatafuta dawa ya Tatu."

Akaweka ungo chini. "Imefika wapi?"

Nikamwonyesha mstari wa kijani kwenye skrini. Asilimia arobaini na moja.

Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa swichi. Alifuma kitambaa cheupe akaifunika nacho, kama redio ya sebuleni. Nikirudi kutoka kazini nakiondoa kisije kikaungua, kesho yake nakikuta kimerudi. Kila asubuhi nikimwamkia hujibu, "Marahaba, imefika ngapi?" Jirani yetu alipomtania kwamba siku hizi ananyonyesha kompyuta, alimjibu, "Cheka tu. Ikifika mia utakuja hapa kuniomba ya presha ya mumeo." Mstari ulipofika mia ukaanza tena sifuri, aliniita nije nione. Nikamwambia hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza.

Siku moja ya kliniki akaniuliza, "Kule wanamtoboa tu mtoto na kutupa vidonge vilevile. Si bora tusubiri ya kwako? Au unasemaje, msomi wangu?" Nilijua kabisa vidonge vile ndivyo vinavyomsimamisha Tatu. Nikasema, "Tutaona, shangazi."

Tutaona! Hakumpeleka mwezi huo, wala mwezi uliofuata. Vidonge vikaisha. Niliona pakiti tupu juu ya kabati nikapita.

Ukaja upepo wa Juni. Tulikuwa tunakula cha mchana Tatu alipoangusha kijiko na kupiga yowe ambalo bado nalisikia hata nikiwa ofisini. Tukamkimbiza hospitali. Daktari alifungua daftari lake la kliniki, akauliza mbona hakuhudhuria. Shangazi akajibu bila kusita, "Tulikuwa tunasubiri ya kwenye kompyuta. Muulize kaka yake, ndiye anayeijua."

Daktari akanigeukia. "Kompyuta gani?"

"Sijui, dokta. Labda ameelewa vibaya."

Shangazi akainamisha kichwa. Nilijua tukitoka nje atanitukana. Tulipofika getini akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Umefanya vizuri, baba. Jambo halisemwi ovyo kabla halijakamilika." Ningeshukuru kama angenizaba kofi.

Tatu aliongezewa damu. Amerudi nyumbani, anatembea kwa kushika ukuta. Mashine nimeizima na ile programu nimeifuta, lakini jana mtoto ameniuliza, "Kaka, dawa yangu imelala?" Na shangazi amesema Alhamisi hii hawaendi kliniki, mtoto amechoka na sindano, niwashe tu tumalizie.

Nikisema kweli, atajua bintiye alikaribia kufa kwa ajili ya jina langu kwenye orodha ya nyota, na kwamba mbele ya daktari nilimfanya mjinga. Nikinyamaza, Alhamisi itapita. Kuna njia ya tatu inayonijia kila saa: nimwambie mashine imesema Tatu aendelee na vidonge mpaka ifike mia. Ataamini. Atakwenda kliniki mbio. Mtoto atapona kwa uongo uleule uliomlaza, nami nitakuwa nimemfunga shangazi kwenye uongo huo maisha yake yote. Ndugu zangu, nimwambie lipi?

Majibu yaje kabla ya Alhamisi. Andikeni hapa chini, au mtumieni admin anifikishie. Msinitafute kwa simu, maana Tatu ndiye huichezea, na anasoma vizuri sana. Nitayasoma yote nikitoka kazini, kwenye kompyuta ileile. Shangazi akiiona imewaka atafurahi.