Mti Ambao Sikuushika

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyenipendekezea hofu. Ilikuja yenyewe, bila bango na bila muziki, wala haikuuliza kama nilipenda mambo ya aina hiyo. Siku hizi hofu ina mashabiki. Wana vikundi vyao kwenye simu, wanagawa nyota, tano kwa filamu hii, tatu na nusu kwa hadithi ile, na kila Ijumaa hapa Kitale hakosi mtu wa kunitaka nimpendekezee kitu cha giza cha wikendi, eti kwa kuwa nilisomea fasihi chuoni na naandika mashairi.

Anayenisumbua zaidi ni rafiki yangu Brayo. Ana kibanda karibu na stendi, anawajazia watu filamu kwenye flashi.

"Niaje, malenga," huniambia. "Nipe listi. Wateja wanataka za giza, zile zimeiva."

"Giza gani?"

"Si unajua, bana. Mapepo, mazimwi, wafalme wamelaaniwa, msitu unameza watu. Ikikosa damu dakika kumi za kwanza, mtu anarudisha flashi."

Mwezi uliopita alinikalisha kwenye kiti cha plastiki nitazame moja anayoisifu sana. Ilikuwa na mti muuaji. Mizizi yake ilitambaa kama nyoka walioshiba, ikamfunga msichana kiunoni, ikamvuta chini ya ardhi huku ngoma zikipigwa kwa nguvu nisije nikasahau kuogopa. Sikuambiwa msichana huyo anaitwa nani wala ni nani angemlilia. Brayo alikuwa akila chipsi. Mti ulipommaliza msichana, naye alikuwa amezimaliza chipsi zake. Akalamba vidole, akaniuliza, "Si ni moto?"

Si moto. Ni moshi wa plastiki. Nawadharau wanaotengeneza vitu hivyo, na nawadharau zaidi kidogo wanaovitazama kutwa nzima kisha wakalala fofofo. Giza unaloliwasha na kulizima kwa kidole linatisha nini? Mti usiojua jina lako utakufanya nini? Lakini kwa kuwa hamchoki kuuliza, na mimi nimechoka kukwepa, leo napendekeza. Hadithi yangu haipo kwenye flashi ya mtu yeyote, na ndani yake mti hausogezi hata tawi.

Nilikuwa na miaka minane, nikiishi kwa mama mzaa baba, upande wa juu wa Kimilili. Tulimwita Kukhu, kama watoto wa Kibukusu wanavyomwita bibi. Tuliishi na binamu yangu Nafula, wa miaka kumi na mitatu, binti wa shangazi yangu wa Webuye. Baba yake alikuwa amekaa bila kazi tangu kiwanda cha karatasi kisimame, chakula kwao kilikuwa cha kubahatisha, na Kukhu akaamuru mtoto aletwe asome huku. Nafula alisoma kama mtu anayekimbizwa. Alikuwa wa kwanza katika darasa la saba, na mwalimu mkuu alikuwa amemwahidi Kukhu kwamba msichana huyu akitulia hapa hadi mtihani wa darasa la nane, atamtafutia mfadhili wa sekondari.

Mezani kwa Kukhu kulikuwa na redio ya babu. Babu alikuwa amefariki, redio ikabaki, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kila jioni Kukhu alikifunua, akasikiliza matangazo ya vifo, akawa anaitikia kila jina kwa kichwa kama mtu anayesalimiwa, kisha akaifunika tena. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Mimi niliigusa. Wavulana niliocheza nao mtoni walikuwa na sumaku, mimi sikuwa nayo, na kila mtoto alijua kwamba sumaku hukaa nyuma ya spika. Jumamosi moja, Kukhu akiwa sokoni, niliifungua redio kwa kisu cha mboga, nikapasua spika, nikatoa nilichokitaka. Jioni Kukhu alizungusha kitufe. Kimya. Akaitikisa, vipande vikalia ndani.

"Nani?"

"Si mimi," nilisema, kabla hata hajaniangalia.

"Si mimi, Kukhu," alisema Nafula.

Nafula ndiye aliyekifagia chumba hicho kila asubuhi, kwa hiyo macho ya Kukhu yalitua kwake. Hakumpiga mtu. Alisema kile kilikuwa kitu cha mwisho alichoshika mume wake kabla ya kupelekwa hospitali. Alisema aliyekivunja hawezi kula tena katika nyumba ile, atarudi kwa wazazi wake. Na alisema kesho, tukitoka kanisani, tutapitia kwa murembe.

Murembe ni mti wa miiba na maua mekundu. Kwetu haupasuliwi kuni, na hata tawi lililoanguka lenyewe huachwa lioze. Wazee walipokuwa na kesi isiyo na shahidi, waliipeleka hapo. Mshukiwa aliushika mti, akaapa kwamba hakutenda. Kama alisema kweli, alirudi nyumbani akala. Kama aliongopa, alikauka polepole, kama muhindi ulioliwa mizizi, na hospitali haikujua anaumwa nini. Watoto hawakuapishwa, hilo lilikuwa jambo la watu wazima na wazee wa ukoo. Lakini Kukhu hakutaka kuwaita wazee kwa ajili ya watoto wawili na redio. Alikuwa mama wa kanisa, wa kitambaa cheupe kila Jumapili, na nadhani alitaka kututisha tu mpaka mmoja wetu aseme. Hapo ndipo alipokosea. Hakujua kwamba sisi tuliamini kuliko yeye.

Ilikuwa saa saba mchana. Nawarudia mashabiki: saa saba mchana, jua la utosi, kuku wakioga vumbi, mtu akipita na baiskeli na kumwamkia Kukhu vizuri. Hapakuwa na ukungu wala bundi. Mti ulisimama mpakani mwa shamba ukifanya kazi ya mti, yaani kusimama.

"Simiyu," akasema Kukhu. "Mdogo aanze."

Nilipiga hatua. Kinywa kilikuwa kimekauka, nikafikiri, basi, kukauka kumeanza. Ningeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, mimi. Lakini niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kufa, nikainua mkono kuelekea gome la mti, huku mkojo ukinitiririka ndani ya kaptula.

"Kukhu, ni mimi," akasema Nafula.

Mkono wangu ukabaki hewani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unatafuta nini humo ndani?"

Nafula hakujua. "Nilikuwa... nilikuwa napanguza, ikaanguka."

Kukhu alitutazama sote wawili. Sijui kama aliiona kaptula yangu. Nimejiuliza hilo miaka yote. Ila neno lake lilikuwa limeshatoka, na hakuwa mtu wa kumeza alichokitema.

Siku ya pili yake Nafula alifunga nguo zake ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimsindikiza hadi kwenye ua.

"We mjinga sana," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ungeshika ule mti?"

"Ningeshika."

"Nilikuona. Ungekufa, Simiyu. Ati juu ya redio!"

"Na shule?"

"Shule ziko hata Webuye. Wewe nikikupoteza, nitakutoa wapi?"

Shule zilikuwepo Webuye, kweli. Lakini kulikuwa pia na wadogo wanne, na mama aliyefua nguo za watu kutwa. Nafula aliufanya mtihani wa darasa la nane baada ya kukosa nusu ya masomo, na safari yake ikaishia hapo. Mimi nilisoma hadi chuo, hadi vina na mizani. Kukhu alifariki nikiwa kidato cha tatu, na sikuwa nimemwambia. Mashabiki mtauliza zimwi liko wapi. Zimwi lilikuwa na miaka minane na kaptula iliyolowa, likala ugali wa Jumatatu likauliza kama kuna mwingine. Ligawieni nyota.

Sasa Nafula anakodi robo ekari karibu na Mabanga, analima vitunguu, anaviuza Bungoma mjini. Desemba iliyopita nilienda kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa njia nzima kutoka Kitale, msamaha wenye utangulizi na hitimisho. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tuta, anapandikiza miche.

"Mwalimu wa mashairi!" akacheka. "Ongea, lakini usinikanyagie vitunguu."

Nikaongea. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Hiyo nilijua siku ile ile," alisema. "Si ulijikojolea, bana? Ningekosaje kujua?"

"Na hukunichukia?"

"Nilikuchukia. Wenzangu walipoingia kidato cha kwanza nilikuchukia mwaka mzima. Halafu nikachoka. Ni kazi mingi."

Akajifuta mikono kwenye leso, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni.

"Lakini wewe umesoma. Nyinyi huko mnasemaje? Ungeshika, ungekufa ama haungekufa?"

Nilijua jibu. Mti ni mti. Jina lake la kisayansi nimelisoma, una miiba na maua, hauna masikio. Nina dharau ya kutosha kwa kila mti muuaji uliowahi kubuniwa, na ningeweza kuimwaga yote pale shambani kwa mizani iliyotulia. Lakini kumwambia kwamba murembe haungenifanya kitu kungekuwa kumwambia kwamba alinikomboa mahali ambapo sikuwa nimefungwa, na kwamba shule yake aliitoa bure.

"Ningekufa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyejua hivyo, akachukua mche mwingine.

Sijui kama niliongopa. Najaribu kumfikiria mtoto yule akiwa ameshika mti, amelala, ameamka Jumatatu akiamini kwamba amekwisha kufa, na ananywa uji huku akijikagua vidole kuona kama vimeanza kunyauka. Huenda angekauka kweli, mti ukiwa umesimama tu. Huenda angesahau kufikia Ijumaa. Kwangu hakuna tofauti. Niko hai kwa vyovyote. Kwa Nafula, tofauti hiyo ni maisha mazima.