Risasi Nilizomwekea Ami Hamadi

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu Salma, na tangu uliponipigia simu kuniuliza ununue darubini gani ya bunduki, imenikaa kooni. Uliniuliza kwa Kiingereza chako cha haraka haraka, nami nikakwambia ngoja nifikiri. Sikuwa nafikiri, nilikuwa naona haya. Sasa kaa kitako usome polepole, na neno litakalokushinda muulize mama yako.

Nilipofika London, miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, sikuwa na mtu. Aliyenipokea ni Ami Hamadi, mtu wa Makunduchi. Nasaba hatukuwa nayo, lakini alinigawia nusu ya chumba chake pale Kilburn na koti lake la pili. Alinifundisha kupanda treni ya chini ya ardhi, kuwasha hita, na kusema "sori" hata ukikanyagwa wewe. Baba yangu nilimwacha Unguja na sikumuona tena. Ami ndiye aliyebaki kuwa baba.

Miaka ikapita. Mimi nikapata kazi ya kutengeneza mabasi, Ami akazeeka, kifua kikaanza kumsumbua. Chakula kikamshinda kabisa. Ukimpelekea anaonja vijiko viwili, anasema alhamdulillahi nimeshiba. Muongo! Alikuwa anaisha huku namuona. Siku hiyo nikamuuliza, "Ami, roho yako inataka nini?"

Akacheka kidogo. "Paa," akasema. "Mchuzi wa paa wa nazi, kama tuliokuwa tukila vijana wakirudi msakoni kuwinda."

"Nitakuletea," nikajibu. Kinywa changu hiki, mwanangu, kilikuwa kinatangulia na akili inafuata baadaye.

Lakini sikuwa nabahatisha. Kazini alikuwepo Mzungu mmoja aliyekuwa akiwinda paa wa hapa kwenye shamba la shemeji yake, huko Kent, na alikwishanipeleka uwanja wa shabaha mara kadhaa. Nikaomba cheti cha bunduki, polisi wakaja nyumbani wakalikagua kabati la chuma, nikapewa. Bunduki nikapata kuukuu, kitako kimechubuka lakini mtutu mzima. Ikabaki darubini na risasi, na mfukoni mambo si mengi, kama wewe sasa.

Nikaenda dukani kwa Bwana Jayanti, Mhindi wa Mombasa, aliyekuwa akiuza vitu vya uvuvi na uwindaji huko Thornton Heath. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akanitolea darubini fupi, nyembamba, inayovuta mara nne tu. Mimi jicho langu liko kwenye ile ndefu kama chupa ya chai, inayovuta mara kumi na mbili, na bei ni moja.

"Bwana, kwa bei hii darubini kubwa haiwezi kuwa nzuri," akaniambia. "Wamemaliza pesa kwenye urefu, kioo hawakukijali. Alfajiri utaona ukungu mtupu." Kisha akaweka maboksi matatu ya risasi juu ya kaunta, yote ya namna moja. "Na hizi uchukue zote. Utakazowindia ndizo utakazojaribia."

Nikajisemea moyoni, mfanyabiashara huyu anataka kuuza tu. Nikachukua darubini kubwa. Nikachukua boksi moja la zile risasi nzuri, na za kujaribia nikachukua za rahisi, za kiwanda kingine, uzito mwingine. Unajua kwa nini? Litazame kabati la bibi yako hapa Woolwich. Zile sahani za ukingo wa dhahabu umewahi kulia? Hujawahi, hata mimi sijawahi. Ni za wageni. Ndivyo tulivyolelewa, kizuri kinawekwa, sisi wenyewe tunatumia chochote. Basi na mimi zile risasi nikaziweka, nikasema hizi ni za paa wa Ami Hamadi.

Nikajaribia zile za rahisi mpaka nikaona mimi ni bingwa. Nilirekebisha darubini, kila risasi ikawa inapita katikati ya karatasi, Mzungu akanipigia makofi. Asubuhi ya kuwinda ndipo nikalifungua boksi la mgeni kwa mara ya kwanza.

Kulikuwa na baridi na kamvua kembamba. Paa akatokea pembeni ya msitu, jike asiye na mtoto, akasimama ubavu. Ndani ya ile darubini yangu ndefu nilimuona kama ninamtazama kupitia maziwa. Nikalenga nyuma ya bega, nikasema bismillahi Allahu akbar, nikafyatua.

Hakuanguka. Alijikunja, akalia, akakimbia na tumbo lake lililopasuka. Wallahi mlio ule sijausahau.

Tulimfuata na mbwa wa mwenye shamba mpaka karibu na adhuhuri. Tulimkuta chini ya ua wa miiba, angali hai, ananitazama. Nilimchinja, nikakaa pale kwenye matope, mtu mzima, nikalia. Yule Mzungu akanishika bega. Tulipokwenda uwanjani baadaye akanifanya nipige karatasi kwa zile risasi nzuri. Zote zilitua mahali pamoja, kiganja kizima chini na pembeni ya pale nilipolenga. Risasi hazikuwa na kosa. Mimi nilikuwa nimeifundisha bunduki njia moja, kisha nikaituma njia nyingine.

Nikampikia Ami mchuzi wa nazi, nikautia ndimu na pilipili mbuzi kama anavyopenda. Akanyanyua kijiko, harufu ikampata, uso ukamchanua. Kisha akauliza lile wanaloulizwa wote wanaotoka msakoni kwao. "Alianguka vipi?"

Nilitaka kusema, "Palepale, Ami." Neno lilikuwa ulimini. Nikamtazama mzee wa watu, nikashindwa kumdanganya, nikamwambia yote.

Akakirudisha kijiko. "Ulisema bismillahi?"

"Nilisema."

"Ulimuwahi yu hai?"

"Nilimuwahi."

"Basi nyama ni halali. Kazi yako ndiyo mbaya." Akapumua kwa taabu. "Ile bismillahi uliitia kinywani, mkononi hukuitia. Na hizo risasi unaniwekea mimi? Mimi si mgeni, mwanangu, mimi ni baba yako. Ungeniletea chai na mkate ningekunywa na wewe tukacheka. Mwenye haki ya kizuri alikuwa yule mnyama."

Nikainuka niiondoe sahani. Akaishika. "Iache," akasema. "Ameshateseka. Tukimmwaga itakuwa aliteseka bure." Akala mpaka akaifuta sahani kwa mkate, yule ambaye miezi mizima vijiko viwili vilikuwa vinamshinda. Alikuwa anatafuna na machozi yanamtoka, na mimi nimekaa mbele yake sina pa kuuweka uso. Hakunigombeza tena, mpaka anakufa.

Alikufa kabla ya msimu mwingine kufika. Nilirudi kwa Bwana Jayanti, nikachukua ile darubini fupi na maboksi matatu. Yule Mhindi hakunicheka, Mungu amlipe. Paa niliyempata baada ya hapo alianguka palepale, majani yapo mdomoni. Nilimpika vilevile, kwa nazi na ndimu, nikawagawia majirani, nikamuombea Ami.

Basi mwanangu, jibu lako ndilo hilo. Ukiwa na pesa kidogo usinunue ukubwa. Nunua kioo safi, mara nne au sita zinatosha kabisa msituni, na pete zinazoifunga darubini kwenye bunduki ziwe imara, usizidharau kwa kuwa ni kitu kidogo. Risasi chagua za namna moja, zile za ncha laini zinazoruhusiwa kwa paa, uzipige nyingi kwenye karatasi kabla hujamtazama mnyama. Ukibadilisha boksi, anza upya. Na darubini ikikuonyesha ukungu, shusha bunduki urudi nyumbani.

Umesema paa wa kwanza ni wangu, kwa kuwa siku hizi babu hali chakula. Mama yako amekwambia, najua. Nimefurahi mpaka nimeona aibu. Ukimleta nitakaa mezani, nitanyanyua kijiko, na nitakuuliza alianguka vipi. Unijibu kweli. Ukija mikono mitupu, nitakufungulia mlango kwa furaha ileile, tutakunywa chai na mkate. Na bibi yako nimeshamwambia azitoe zile sahani za dhahabu, tuzilie sisi wenyewe.

Mungu akutulize mkono, akusafishie jicho, akurudishe salama kila unapotoka. Na alichompa Ami Hamadi cha kunisamehe mimi, akupe na wewe cha kuwasamehe watakaokuja nyuma yako. Amin, mwanangu.