Redio Mbili za Mume Wangu

Daktari alituambia kwa upole kwamba uvimbe kwenye koo la mume wangu hauwezi kutoka bila kutoa na kisanduku cha sauti. Atapumua kwa tundu shingoni, atakula, atatembea, lakini hatazungumza tena. Mume wangu aliuliza swali moja tu, kwa sauti iliyokuwa imeshaanza kukwaruza.

"Na mikono?"

"Mikono haihusiki kabisa, mzee."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei na akaikubali. Tulipofika getini kwetu, Mbezi Luis, akasimama na kunigeukia.

"Mwalimu, nataka kununua redio kama ile ya kwenye lori."

Ameniita Mwalimu tangu tuoane, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na mie nimemwita Mzee tangu kabla hajaota mvi. Siku hiyo nilidhani habari ya daktari imemvuruga akili. Mtu anakaribia kupokonywa sauti, yeye anataka redio ya kuzungumzia.

Lakini ilibidi umjue. Alikuwa dereva wa malori makubwa, safari za Tunduma na kuvuka mpaka, tangu mtoto wetu wa kwanza hajazaliwa. Juu ya usukani wake palikuwa na redio kol, zile ambazo madereva hupashana habari njiani: wapi pana ajali, wapi barabara imekatika, nani breki zake zinanuka. Simu hazishiki kila kona ya milima, redio ile hushika lori lililo mbele yako na lililo nyuma yako. Sauti yake nene ilijulikana njia nzima. Alipougua, tajiri mwenye lori alimpa gari dereva mwingine, na redio ikaenda na gari. Nadhani aliumia zaidi kwa redio kuliko kwa gari.

Tulikwenda Ukonga kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa mitambo ya simu. Walikuwa wamefahamiana zamani, mzee huyo alipomtengenezea redio ya lori. Yeye mwenyewe alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, wale watu wanaozungumza hewani na nchi za mbali kwa mapenzi tu, bila kulipwa. Tulimwamkia, akatukaribisha kwenye chumba kilichojaa nyaya, akasikiliza habari ya koo mpaka mwisho bila kumkatiza mwenzake.

"Hizo ni dunia mbili," alisema. "Ya madereva ni ya karibu. Ukiweka fimbo ya antena juu ya paa pale Mbezi, utawapata wanaotoka Kibaha mpaka wanaoshuka Kimara, basi. Hii yangu inafika ng'ambo ya bahari, ila ina mtihani, ina leseni, na kila mtu ana utambulisho wake wa hewani. Wewe unataka ipi?"

"Zote," alisema mume wangu. Kisha akameza mate, jambo lililokuwa linamuuma. "Ila nieleze, ipi naweza kuitumia nikiwa bubu?"

Mzee wa watu alichukua kijiko cha chai. Akakigonga pembeni ya kikombe: mlio mfupi, mrefu, mfupi.

"Ya ridhaa," alisema fundi. "Kwenye hiyo bado tunatumia zile alama za zamani za posta, nukta na mistari. Unabonyeza kwa kidole. Mtu wa upande wa pili hawezi kujua kama una sauti au huna. Ya madereva huwezi. Ile ni mdomo tu. Ukinyamazishwa, utabaki kusikiliza."

"Kusikiliza kunatosha," mume wangu alisema.

Fundi alitupa maelekezo. Tuanze na antena, kwa sababu redio nzuri kwenye waya mbovu haina faida. Tusinunue redio moja iliyofunguliwa kinyemela ili iseme njia zote mbili, kwani huchafua mawasiliano ya wengine na sheria haiipendi. Bora mbili, kila moja na kazi yake, kila moja na antena yake.

Ushauri huo nilitaka kuuacha palepale dukani Kariakoo. Muuzaji alitutolea redio moja nyeusi, inayong'aa, na kwa kweli niliipenda. Ilikuwa ndogo, safi, waya mmoja. Nilishaona tayari itakavyokaa kando ya kitanda bila kunijazia chumba.

"Hii inakula zote, mzee. Ya nini kubeba madude mawili? Imeshafunguliwa."

Mume wangu hakubishana naye habari za sheria. Alifumba macho, akanyoosha mkono mmoja.

"Nipeleke kwenye njia ya madereva. Usinionyeshe. Mimi niko kitandani, naumwa, chumba hakina taa."

Muuzaji akamshika kidole. Bonyeza hapa, shikilia, sasa shuka mara tatu, sasa bonyeza tena. Mume wangu akafumbua macho, akaishukuru redio ile nyeusi kana kwamba ni mtu, akaomba aonyeshwe nyingine. Tuliondoka na redio kuukuu ya madereva, kubwa kama tofali, yenye kitufe cha kuzungusha kinachogota kila njia inapobadilika. Aliweza kuzihesabu njia kwa vidole.

Ya ridhaa tuliipata Mabibo, kwa mama mmoja mjane ambaye fundi alimfahamu. Marehemu mumewe alikuwa miongoni mwa hao watu wa redio ya ridhaa. Ilikuwa mezani bado, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Fundi alikuja nasi kuijaribu. Aliiunganisha, akasikiliza, akabonyeza kile kidude cha kutuma alama, akaridhika. Wakati wanaume wanafungafunga nyaya, yule mama alinivuta jikoni.

"Ni yako au yake?"

"Yake, mama."

"Usikubali aiweke chumba ambacho wewe huingii," alisema. "Wangu alikuwa akiongea na dunia nzima, sie tunakula kimya. Mie hiyo sauti yake ya krrr krrr, sitaki kuisikia tena maishani. Lakini tangu afe, sijaweza kukiondoa hicho kitambaa."

Tuliziweka zote mbili sebuleni, juu ya meza yangu ya kusahihishia madaftari.

Bado palikuwa na muda kidogo kabla ya upasuaji, na aliutumia kwenye redio ya madereva. Sauti ilikuwa imebaki kama karatasi inayochanwa. Jioni ya mwisho aliwaita waliokuwa wanapanda kutoka mjini, akawaambia anawaaga.

"Unasafiri, mzee?" aliuliza mmoja.

"Sisafiri. Nanyamaza. Nitakuwepo hapahapa Mbezi nawasikia, ila msingoje jibu."

Hakuna aliyeelewa. Mmoja alicheka, akidhani ni utani. Mwingine akasema, "Haya mzee, pumzika." Mume wangu aliirudisha maiki kwenye ndoano yake taratibu, akaenda kuoga. Sikumfuata. Nilisikia maji yanamwagika kwa muda mrefu kuliko anavyoogaga.

Aliporudi kutoka hospitali alikuwa na tundu chini ya shingo na kitambaa cheupe cha kulifunika. Nilimletea kibao kidogo cha chaki kutoka shuleni, kwa sababu kuandika kwenye simu kulimkera. Nyumba yetu ilibadilika. Nilikuwa naongea peke yangu nikipika, halafu naingia sebuleni kusoma jibu. Kugombana ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Mie napayuka, yeye anaandika, mpaka amalize nimeshasahau nilichosema. Siku moja aliandika neno moja tu, UCHUNGU, nikauliza uko wapi, akafuta bila kuniambia.

Asubuhi alijifunza nukta na mistari kwa mtihani wake. Mchana aliwasikiliza madereva. Aliwajua kwa sauti. Wakikosea kuelekezana alitikisa kichwa na kugonga meza, na hewani hakuna aliyemsikia.

Jumamosi moja mvua ilikuwa inanyesha na mie nasahihisha madaftari upande wangu wa meza. Redio ikaita. Dereva kijana, pumzi imemkatika.

"Kuna mtu ananipata? Breki zimechemka, hazishiki. Nashuka na mzigo, nakuja Mbezi. Kuna mtu?"

Mume wangu alishika maiki, akaibonyeza, mdomo ukafunguka. Kilichotoka ni upepo tu kwenye tundu la shingo. Aliitazama maiki. Kisha akanisukumia mie na kunyakua kibao.

ASITOE GIA.

Sikuwahi kuigusa maiki ile. Nilibonyeza, nikapiga kelele. "Dereva, usitoe gia! Unanisikia? Usitoe gia!"

"Wewe nani?"

"Niko na dereva mwenzio hapa, hana sauti. Anasema usitoe gia."

"Nimeshatoa, mama. Nimetia frii, sasa haiingii tena."

Chaki ilimvunjikia mkononi. Akaandika kwa kipande kilichobaki: UKINGO WA KUSHOTO. ALILAZE GARI HAPO.

"Kushoto kwako kuna ukingo wa udongo. Lilaze gari kwenye ukingo. Unanipata?"

Palikuwa na mlio mrefu wa honi, hewani na nje kwa pamoja, maana alikuwa ameshatukaribia. Kisha sauti yake ikarudi, na ilikuwa imetulia kwa namna iliyonitisha.

"Kushoto kuna watu, mama. Wamejikinga mvua. Utingo nimemwambia aruke."

Nilimtazama mume wangu. Aliishika chaki juu ya kibao na hakuandika kitu. Nikabonyeza nikasema, "Niko hapa, baba. Niko hapa."

"Nimekupata," alisema.

Tulisikia kishindo kutoka barabarani. Alikuwa amelielekeza lori kulia, kwenye kuta za zege za katikati ya barabara. Utingo alivunjika mguu. Waliojikinga mvua hawakuguswa. Dereva alifia palepale kwenye usukani, kabla watu hawajaupata mlango.

Mume wangu aliizima redio ya madereva, na kwa wiki kadhaa hakuiwasha. Niliona afadhali. Usiku nilikuwa naisikia ile "Nimekupata" nikifumba macho, na darasani nilikuwa nasahau katikati ya sentensi.

Kisha akaja mwanamume mmoja, ametoka Songea, ana begi moja. Alikuwa kaka wa marehemu. Utingo ndiye aliyemwambia kwamba kuna mama alikuwa akizungumza na mdogo wake hewani, akauliza kwa madereva mpaka akatupata. Alituamkia, akakaa ukingoni mwa kochi, chai hakuigusa.

"Mama, kule nyumbani wanasema alikuwa amelewa," alisema. "Wengine wanasema alisinzia. Mama yetu halali kwa hayo maneno. Nimekuja kuuliza, alisema nini?"

Nilimweleza yote, kuanzia mwito wa kwanza. Nilipofika kwenye watu waliojikinga mvua, alijifunika uso kwa viganja. Mume wangu alisogea karibu naye, akaandika kwenye kibao, akanipa nisome.

"Anasema: ningemwambia mapema zaidi, angepona. Kosa la kutoa gia, ambayo ndiyo hulizuia gari breki zikifa, wanalifanya wengi. Lakini kuuacha ukingo wa kushoto kwa sababu una watu, sijui wangapi wangeweza."

Yule kaka alitoa simu, akampigia mama yake, akaniomba nimweleze mwenyewe. Nilimwamkia yule bibi nisiyemjua. Nikamwambia mwanawe hakuwa mlevi, hakusinzia, alikuwa macho na alikuwa anaona watu. Kisha akaniuliza, "Aliogopa?"

Nilimwambia kweli. "Mwanzoni aliogopa, mama. Mwishoni hakuogopa."

"Ahsante," alisema, na simu ikakatika.

Leseni ya mume wangu ilitoka baadaye. Asubuhi ya kwanza fundi alikuja kutoka Ukonga, akakaa kando yake, na mume wangu akabonyeza utambulisho wake mara nyingi kabla ya mtu wa mbali kumjibu. Waliandikiana hali ya hewa. Mtu yule alisema kwake kuna baridi, akamuuliza hapa kukoje. Mume wangu akajibu kuna joto. Ndivyo walivyoongea, na alifurahi siku nzima. Alipata watu kadhaa kwa miezi michache. Halafu ugonjwa ukahamia mapafuni, dawa zikamtia ganzi vidoleni, na wale watu wakaanza kumwomba arudie, arudie tena, mpaka akaacha mwenyewe.

Alifariki masika yaliyofuata. Tulimsafirisha kwao, Masasi, tukamzika huko. Msibani walikuja madereva nisiowahi kuwaona, na nikawatambua walipofungua midomo.

Redio ya ridhaa nilimkabidhi fundi, atafute wa kumpa. Ya madereva iko bado mezani kwangu. Siku za mvua naiwasha nikisahihisha madaftari, ingawa sijui magari na hakuna tena wa kuniandikia la kusema. Mara nyingi wanaulizana foleni tu. Mmoja akiita na asijibiwe na yeyote, nabonyeza namwambia nimempata, nipo Mbezi, aendelee.