Sauti ya Kabatini

Fundi cherehani aliingia duka la vitambaa kununua bitana, akajikuta yumo ndani tayari. Sauti yake ilikuwa ikitoka kwenye simu ya mwenye duka: "Lipia kwanza, ndipo nisome."

"Shoga, umetajirika," mwenye duka alisema akiendelea kupima kitenge. "Zamani ulitusomea bure kama mama yetu. Siku hizi unatudai kama polisi."

"Si mimi huyo."

"Basi ni pacha wako. Mwambie atuonee huruma."

Wateja wakacheka. Fundi akatoka bila bitana, uso umemwiva kwa aibu ya kosa asilolitenda.

Jambo lenyewe lilianza kwa wema, kama yanavyoanza mengi ya kuumiza. Dada yake ndiye aliyepelekwa shule. Yeye alibaki nyumbani kubeba maji na kulea. Dada alipofariki aliacha mtoto wa kiume, na fundi akamlea chini ya meza ya cherehani, mguu mmoja ukikanyaga pedali na mwingine ukimbembeleza. Mtoto akakua, akasomea kompyuta, akaitwa Mhandisi. Siku moja akaja na wenzake. Walikuwa wanatengeneza programu ya simu ya kuwasomea watu wasiojua kusoma, na haikuwa ya kuuzwa. Msimbo wake uliachwa wazi, yeyote auchukue, aunakili, aurekebishe, mradi naye asiwafungie wenzake mlango.

"Tuna kila kitu, mama mdogo," alisema. "Tumekosa sauti ya mtu ambaye watu watamwamini."

Wakamwingiza kabatini. Ndilo lililokuwa na magauni ya wateja, na nguo humeza mwangwi. Alikaa humo miezi kadhaa, jasho likimtiririka, na msichana mmoja wa kundi lile, waliyemwita Miwani, alimnong'oneza neno naye akalitamka kwenye kinasa sauti. Mvua ikianza kupiga bati walipumzika. Hivyo ndivyo mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake alivyokuwa ulimi wa watu asiowajua.

Programu iliunganisha maneno yake moja baada ya jingine kama viraka. Ikikutana na neno ambalo hakulirekodi ililiruka, ikatoa mlio mdogo, tk. Mlio huo waliuita panya. "Kuna panya kwenye bei za dawa," Miwani angesema, na fundi akarudi kabatini kumziba.

Kisha Mhandisi akaja na karatasi.

"Kazi hii ina mikono mingi, mama mdogo. Akija mwizi, nani atamshtaki? Tunaweka haki zote mahali pamoja. Wenzangu wote wametia sahihi."

"Nisomee."

Akaielekeza simu kwenye karatasi. Fundi akajisikia akijisomea: "Mimi, tk, natoa sauti yangu, tk, kwa, tk, tk, na, tk."

"Mbona leo panya wamejazana hivi?"

"Maneno ya wanasheria hayo. Mapambo tu, kama lesi kwenye pindo."

Akacheka, naye akacheka. Nani asiyeuamini ulimi wake mwenyewe? Akabonyeza dole gumba.

Haikuchukua muda kundi likawa kampuni, na kampuni ikawa ya Mhandisi. Wenzake walipouliza, walikuta nywila zimebadilishwa. Wakakasirika, wakachukua msimbo wa zamani, maana uliokwisha kutolewa wazi haurudishwi ndani, wakaupa jina jipya na kuanza upya. Sauti tu hawakuweza kuichukua. Hiyo ilikuwa na karatasi yake peke yake, ile ya dole gumba.

Ndiyo maana, fundi aliporudi kutoka dukani mikono mitupu, alimkuta Miwani amekaa kwenye kibao cha wateja, kinasa sauti mapajani.

"Mama, ingia kabatini tena. Tuna mwili, hatuna ulimi."

"Hata sasa hivi," fundi alisema, akaanza kusogeza magauni. Aliwaza jinsi mwenye duka atakavyomsikia tena, bure, na kumwomba radhi.

"Kwanza nione ile karatasi," Miwani alisema.

Miwani akaisoma kwa mdomo wake. Humo mlikuwa na *milele*. Mlikuwa na *popote*. Mlikuwa na *pamoja na sauti itakayorekodiwa baadaye kwa kazi ya namna hii*. Akakiweka kinasa sauti kando.

"Mbona maneno hayo hamkunirekodi?" fundi aliuliza.

"Tulirekodi ya sokoni, mama. Hakuna anayemwandikia muuza nyanya *milele*."

"Na wewe? Ya kwako ulisoma?"

Miwani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Nilijua kusoma. Sikusoma."

Fundi akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda ofisini kwa mpwa wake. Mlango ulikuwa wa kioo. Alisukuma upande usiofunguka, wafanyakazi wakimtazama.

"Nirudishie sauti yangu."

"Si unayo kooni, mama mdogo?" Mhandisi akacheka. Alipoona hacheki naye, akaacha. "Biashara ina taratibu zake. Kila mtu anakujua sasa, hufurahi?"

"Wananijua kwa ubaya wako. Nitawasomea wale watoto."

"Wasomee. Sitakushtaki wewe; nikushtaki mama yangu, watu watanionaje? Nitawashtaki wao. Hawana hata nauli ya mahakamani." Akamsindikiza hadi mlangoni, akamfungulia kwa adabu, upande ule unaofunguka.

Miwani alikuwa bado anangoja. Fundi hakukaa.

"Tafuteni mwanamke mwingine."

"Mama, tusimwogope—"

"Mimi simwogopi. Nawaogopea ninyi. Mkimpata huyo mwingine, kabla hajaingia kabatini msomeeni. Kwa mdomo wa mtu, neno kwa neno."

Miwani alipoondoka, fundi alirudisha magauni, akafunga kabati. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mteja, labda vipimo, labda lawama, yeye angejuaje? Alibonyeza asomewe, kama alivyozoea, bila kudaiwa hata senti.

"Huna ruhusa," akajisikia akisema.

Alilikumbuka neno hilo. Miwani alimrudisha mara kadhaa kwa sababu alilitamka kwa upole mno. "Kali kidogo, mama, kama unamkanya mtoto." Na pale gizani, katikati ya nguo za watu, alimkumbuka mpwa wake akiwa mdogo, akinyoosha mkono kutoka chini ya meza kuufikia mkasi, na likamtoka sawasawa.

Akabonyeza tena.

"Huna ruhusa."